Mkate, Tupa na Kimya: Hila ya Mtu Anayesakwa katika Nchi ya Chai

Katika fasihi ya Afrika Mashariki ni wahusika wachache wanaopendwa na hadhira kama yule anayesakwa na dola akaponyoka. Msikilizaji humcheka askari, humwombea mtoro njia, na hadithi ikiisha hutaka irudiwe. Wahakiki, kwa upande wao, wamezoea kumpima mhusika huyu kwa ushujaa tu: nguvu zake, nasaba yake, msimamo wake dhidi ya uonevu. Hila yenyewe, yaani namna hasa anavyomshinda anayemsaka, aghalabu hutajwa kwa kupita. Makala haya yanaichunguza hila hiyo, na yanaichunguza mahali ambapo uhakiki wa Kiswahili haujafika mara nyingi, yaani nyanda za juu za Kericho na Bomet, ambako watu walisakwa kwa muda wa kizazi kizima bila kutokea utenzi wala tamthilia ya kulinganishwa na zile zilizowatukuza watoro wa pwani na wa Nyandarua.

Hapana budi kuanza na Fumo Liyongo, kwani yeye ndiye kipimo. Masimulizi yake ni ya zamani sana, lakini umbo linalojulikana zaidi ni lile la utenzi alioutunga Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Sultani wa Pate anamwogopa jamaa yake huyu na anataka auawe. Kwanza wanatumwa watu wa msituni wale naye kikoa cha makoma: kila mtu apande mkoma kwa zamu na kuangua, na zamu ya Liyongo itakapofika apigwe mishale akiwa juu. Liyongo hapandi. Anaangua makoma kwa mishale akiwa chini, na waliokuja kumwua wanabaki wakimtazama. Baadaye anakamatwa na kutiwa gerezani, na hapo ndipo penye kisa ambacho kila mtoto wa pwani anakijua. Mjakazi Saada huleta chakula kizuri kutoka kwa mama yake Liyongo, nao walinzi hukinyakua na kukila. Kwa kupitia Saada, mfungwa anampelekea mama ujumbe wa kishairi: afanye mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Walinzi wanauona mkate wa wishwa, wanaudharau, wanamwachia mfungwa. Usiku wa gungu, pato na matasa vikilia, Liyongo anakereza minyororo.

Wasomaji wengi huona kwamba hila hapa ni tupa. Sivyo. Tupa ni chombo tu, na mfungwa yeyote angeitamani. Hila ni wishwa. Liyongo amekwisha kuwasoma walinzi wake: amejua kwamba mtu anayenyang'anya mkate mweupe hawezi kamwe kuukagua mkate wa mtumwa. Dharau ya dola ndiyo inayofungua mlango wa gereza, na ujumbe unaoifanya dharau hiyo ifanye kazi umepitishwa kwa lugha, mbele ya watu ambao hawakuwa na haja ya kuisikiliza, kwa kinywa cha mjakazi ambaye hakuna aliyemhesabu.

Mkate huo unaonekana tena, yapata miaka sitini baada ya utenzi wa Kijumwa, katika tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, iliyochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1976 na kutafsiriwa kwa Kiswahili na Raphael Kahaso kwa jina la Mzalendo Kimathi mwaka 1978. Kimathi wa historia alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 na kunyongwa tarehe 18 Februari 1957. Tamthilia inamchukua akiwa tayari kizimbani, mahali ambapo hawezi tena kumkimbia mtu. Kwa hiyo hila inahama kutoka kwa shujaa kwenda kwa umma. Mwanamke mmoja anampita askari mzungu kwa kujifanya mjinga, na ndani ya mkate alioubeba mna bunduki. Mkate huo unafika mikononi mwa mvulana na msichana wa mitaani. Haijalishi kama waandishi hao wawili walimkumbuka Liyongo walipoandika. Muundo ni ule ule: chakula cha mnyonge, kilichobebwa na mwanamke au mtoto, kinapita mbele ya mlinzi kwa sababu mlinzi ameshaamua kwamba watu wa namna hiyo hawana kitu.

Mikate hii miwili ikishawekwa mezani, swali la Kericho laweza kuulizwa. Mkate wa nchi ya chai uko wapi?

Haikuwa kwamba wanaosakwa walikosekana. Mwaka 1905 Waingereza walituma msafara wa adhabu dhidi ya Wakipsigis wa Sotik. Mwaka huo huo, kaskazini kidogo katika nchi ya Wanandi, aliuawa Koitalel arap Samoei, orgoiyot aliyeongoza upinzani dhidi ya reli na utawala. Ndugu yake, Kipchomber arap Koilegen, alikuwa amehamia kwa Wakipsigis baada ya mgogoro wa kurithi nafasi ya baba yao, Kimnyole, aliyeuawa mwaka 1890. Huko Kericho Kipchomber na wenzake wa ukoo wa Talai walikuwa watu wa kushauriwa: kabla ya vita, kabla ya msafara wa kuteka ng'ombe, kabla ya jambo zito lolote. Sheria ya kikoloni iligeuza mengi ya mambo hayo kuwa jinai. Kuteka mifugo ya majirani, jambo ambalo kwa desturi lilikuwa na taratibu zake na heshima zake, kuliitwa wizi. Na kwa kuwa mwizi hakujulikana, Sheria ya Adhabu ya Pamoja ya mwaka 1909 iliruhusu jamii nzima itozwe. Mwaka 1914 Kipchomber na wakuu wenzake walihamishwa mbali na nchi yao. Serikali ilidhani imemaliza.

Haikumaliza. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1934, ilibidi itungwe sheria maalumu, Sheria ya Kuwaondoa Malaibon, na ukoo mzima wa Talai, wanaume, wanawake na watoto, watu wapatao 700, ukahamishiwa Gwassi kando ya Ziwa Viktoria, nchi ya joto, mbung'o na malaria, tofauti kabisa na baridi ya Kericho. Walikaa huko hadi mwaka 1962.

Wanahistoria wameieleza sheria hiyo kama kitendo cha utawala, na ndivyo ilivyo. Lakini hakuna kinachomzuia mhakiki kuisoma pia kama matini, na ikisomwa hivyo inasema jambo ambalo watunzi wake hawakukusudia kulisema. Sheria ya kawaida ya jinai humtafuta mtu: fulani bin fulani, siku fulani, kwa tendo fulani. Sheria ya 1934 haikumtafuta mtu. Ilitafuta jina la ukoo. Kwa nini? Mwanahistoria David Anderson, katika makala yake ya mwaka 1993 kuhusu uhalifu na upinzani katika Kenya ya kikoloni, anaonyesha jinsi maofisa walivyoamini kwamba nyuma ya wimbi la wizi na ujambazi walikuwamo wakuu wa Talai, na jinsi walivyoshindwa kulithibitisha hilo mahakamani, kwa kuwa mashahidi hawakupatikana. Basi sheria inayokamata watu 700 ni ungamo la msakaji kwamba hakumwona hata mmoja. Askari aliyeshika ufunguo wa gereza la Liyongo angalau alijua yumo nani.

Hapa ndipo panapoonekana hila ya nchi ya chai. Haikuwa tupa wala bunduki ndani ya mkate. Ilikuwa kimya. Msakaji alitaka maneno: ushahidi, ungamo, jina lililotajwa mbele ya karani. Akanyimwa. Kwa miaka ishirini jamii ambayo wengi wake waliwafahamu wakuu hao kwa sura ilijibu mahakama kwa namna ambayo mahakama haikuweza kuiandika. Na kama kimya ndicho kilichokuwa hila, yaeleweka kwa nini hakuna utenzi. Hila ya Liyongo yaweza kuimbwa mara tu minyororo inapokatika, kwa sababu imekwisha kufanya kazi yake. Hila ya kimya haiwezi kusimuliwa bila kuvunjwa. Anayeisimulia hadharani ameshatoa ushahidi.

Matokeo yake ni kwamba uwanja wa masimulizi uliachwa kwa msakaji, naye aliutumia. Mfano ulio wazi kuliko wote unatoka kwa Wanandi, majirani na ndugu wa Wakipsigis. Richard Meinertzhagen, ofisa aliyemwua Koitalel tarehe 19 Oktoba 1905, alichapisha shajara yake mwaka 1957. Ndani yake kuna kila kitu ambacho msomaji wa hadithi za watoro hukitarajia: mtu wa ajabu anayesakwa, miadi ya kuonana, tuhuma za mtego, wachache dhidi ya wengi, na hila inayofanikiwa. Tofauti ni moja. Mwenye hila ni askari. Koitalel alikuja kwenye mazungumzo, akauawa pamoja na watu wake. Meinertzhagen anadai kwamba Wanandi walikusudia kumvizia, naye akawawahi. Uchunguzi rasmi ulimwondolea hatia, lakini mwaka uliofuata aliondoka nchini. Wachunguzi wa baadaye, hasa Brian Garfield katika kitabu chake cha mwaka 2007, wameonyesha kwamba mengi ya matendo aliyojisifu nayo katika maisha yake marefu yalitiwa chumvi au yalibuniwa.

Kifani, shajara hiyo ni hadithi ya Liyongo iliyogeuzwa ndani nje. Ikumbukwe kwamba utenzi wa Kijumwa nao una usaliti: Liyongo, ambaye hadhurika kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni, anachomwa usingizini na mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa zawadi na Sultani. Lakini utenzi hauuiti usaliti huo ujanja. Unamwacha kijana bila zawadi, na unamwonyesha Liyongo amepiga goti kisimani, upinde mkononi, amekwisha kufa, na mji mzima wa wanaume wenye silaha unakaa na kiu kwa kuogopa kwenda kuteka maji. Tendo la kumwua mtu aliyekuamini laweza kuitwa werevu au khiana. Kinachoamua ni nani ameshika kalamu. Katika Pate kalamu, hatimaye, ilishikwa na upande wa anayesakwa. Katika nchi ya chai haikuwa hivyo.

Mandhari nayo yasisahauliwe. Mtoro wa hadithi huhitaji kichaka. Liyongo alikuwa na mwitu, Kimathi alikuwa na Nyandarua. Wakipsigis walikuwa na msitu wa Mau upande mmoja na Chepalungu upande mwingine, lakini katikati nchi iligeuzwa sura. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ekari 25,000 za Kericho zilitengwa kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani, ambao walijaribu kulima kitani wakashindwa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya chai yakaichukua ardhi ya namna hiyo na kuifanya mashamba. Chai hukatwa ili isipite kiuno cha mchumaji. Mtu akisimama ndani yake huonekana kutoka mlima wa pili. Si mandhari ya kujificha. Aliyetaka kujificha huko alilazimika kujificha ndani ya watu.

Linabaki suala la lugha, nalo kwa jarida kama hili ndilo zito kuliko yote. Anayetaka kuieleza habari hii kwa Kiswahili anakutana kwanza na majina ambayo si ya wenyewe. Laibon ni neno la Kimaasai, oloiboni, ambalo Waingereza waliwabandika Wanandi na Wakipsigis. Wenyewe husema orgoiyot, na wengi wao ni orgoiik. Lumbwa, jina ambalo Wakipsigis waliandikwa nalo katika barua za serikali kwa miaka mingi, halikuwa jina lao pia, na hata stesheni ya reli iliyoitwa hivyo ilibadilishwa baadaye ikawa Kipkelion. Kwa hiyo mwandishi anayeandika leo kwamba malaibon wa Walumbwa walikuwa wakorofi hajasema lolote bado, na tayari amekwisha kusimama upande wa msakaji.

Majina ni mepesi kusahihisha. Msamiati wa Kiswahili wenyewe ni mgumu zaidi. Mtu anayesakwa ataitwaje? Mtoro ni neno lenye historia ya heshima yake: watoro wa Witu na wa Fuladoyo walikuwa watumwa waliokimbia mabwana wakajenga makazi yao. Hata hivyo mtoro hukimbia, na watu wa Talai hawakukimbia, waliondolewa. Jambazi na haramia ni maneno ya mwenye mali. Mhalifu ni neno la hakimu, haini ni neno la mtawala. Mwasi lina nguvu, lakini hudai vita ambavyo, baada ya 1905, havikuwapo tena kwa umbo hilo. Shujaa ni neno la mwimbaji, na katika uhakiki wa miaka ya karibuni limetumiwa hovyo kiasi cha kupoteza makali. Hata kitenzi hakisaidii. Kuhamisha ni neno pole mno. Mtu huhama nyumba, mwalimu huhamishwa shule. Kuondoa ni karibu zaidi na jina la sheria yenyewe, kwa kuwa Kiingereza kilitumia hapo neno linalofaa pia kwa doa la nguo au kwa samani za chumba. Yafaa Kiswahili kiutunze ubaridi huo wa kuondoa badala ya kuulainisha.

Tatizo halikomei kwenye msamiati. Kiswahili kilimfikiaje Mkipsigis wa miaka ile? Si kwa utenzi wa Kijumwa. Kilimfikia kwa amri ya askari, kwa kipande, kwa mkalimani wa mahakama, na baadaye, mashamba ya chai yalipojaa vibarua kutoka kila upande wa Nyanza na kwingineko, kwa hesabu ya nyapara. Ilikuwa lugha ya kuulizwa. Ile ile iliyompa Liyongo maficho kwa kinywa cha Saada ndiyo iliyokuwa, Kericho, lugha ya yule mwenye minyororo. Maficho yalikuwa katika Kikipsigis, mbali na sikio la karani. Mhakiki wa Kiswahili anayekwenda kutafuta masimulizi ya watu waliosakwa katika nchi hiyo asishangae akijibiwa kwa adabu na kwa ufupi. Anauliza kwa lugha iliyowahi kuuliza.

Hili halimaanishi kwamba wenyeji hawakuandika. Henry Mwanzi alichapisha historia ya Wakipsigis mwaka 1977, na Taaitta Toweett, mwanaisimu na mwanasiasa mwenyewe Mkipsigis, akachapisha historia yao ya masimulizi mwaka 1979. Kazi hizo zilizaliwa baada ya uhuru, wakati kimya kilipoweza kulegezwa. Lakini ni historia, si fasihi ya kubuni, na zote mbili ni za Kiingereza. Nafasi ya mtunzi wa Kiswahili bado iko wazi.

Mtunzi huyo, akitokea, ajihadhari na urahisi mmoja. Tangu Eric Hobsbawm alipochapisha kitabu chake kuhusu majambazi mwaka 1969, imekuwa desturi kumwona kila anayesakwa na dola kuwa rafiki wa maskini. Kwa orgoiik jambo hili halikai sawasawa. Walipewa ng'ombe kwa baraka zao, na waliogopwa kwa laana zao; baadhi ya watu waliowanyamazia mbele ya hakimu walinyamaza kwa kuwapenda na wengine kwa kuwahofu, na kutoka nje kimya cha aina moja hakitofautiani na cha aina nyingine. Waliowasaka nao hawakuwa wageni watupu. Machifu walioteuliwa na serikali walikuwa Wakipsigis, na vijana wengi wa Kalenjin waliingia polisi na jeshi. Utenzi wa Liyongo haukuuogopa ukweli wa namna hiyo: sultani ni jamaa, mwuaji ni mwana. Tamthilia ya Kimathi, pamoja na ubora wake wote, inauogopa kidogo, na wahusika wake wanaoshirikiana na dola wamechorwa kwa mstari mnene mno. Kisa cha Kericho kikiandikwa kwa mstari huo kitaharibika, kwa sababu nguvu zake zote zimo katika kutojulikana nani amenyamaza kwa nini.

Watu wa Talai waliporejeshwa Kericho mwaka 1962, wengi hawakupata ardhi, na wazao wao wamebaki maskwota pembezoni mwa mji uliozungukwa na chai. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliieleza Uingereza wasiwasi wao kuhusu madai ya Wakipsigis na Watalai, na mwaka 2022 madai hayo yakafikishwa kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Pamoja na kumbukumbu za wazee, miongoni mwa ushahidi uliowekwa mezani zilikuwamo nyaraka za serikali ya kikoloni yenyewe: barua na taarifa ambazo msakaji aliziandika, akazipanga na kuzitunza kwa uangalifu, bila kufikiri kwamba kuna siku zingesomwa na mtu wa upande wa pili.